Mstari wa Tano

Mkaguzi alifika chumba cha wachapaji saa nane kasoro dakika tano mchana, akiwa na daftari, kalamu mbili, na muda wa saa mbili kufanya kazi ambayo Msajili wa mahakama aliiona imekwisha. Kwa Msajili mambo hayakuwa na kona. Kurasa kumi na sita za ushahidi zimepotea, aliyekuwa akizichapa anajulikana, amekiri kwamba vidole vilikuwa vyake, na barua ya kumwachisha kazi iko tayari. Ingesainiwa saa kumi kamili. Mkaguzi alipewa saa zile mbili kwa sababu utaratibu unataka hivyo, kama mtu anavyokaribishwa chakula wakati sufuria limeshaoshwa.

Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na hakupenda kuharakishwa. Kabla ya kuletwa mahakamani alikuwa ametumikia polisi miaka ishirini na miwili, kitengo cha wizi, na huko alijifunza kwamba kesi iliyo rahisi mno mara nyingi imeachwa njiani na mvivu. Ukimwambia "haraka" alikuwa akivua miwani na kuanza kuifuta. Msajili alikuwa amemwambia "haraka" mara mbili asubuhi ile, kwa hiyo miwani ilikuwa safi sana.

Chumba kilikuwa na meza tano na kompyuta tano, feni moja iliyozunguka kwa kujivuta, na dirisha lililotazama ukuta wa jengo la jirani. Wachapaji waliokaa humo walivaa visikizi masikioni, na sauti za ukumbi wa mahakama, mlango wa pili, zikawajia moja kwa moja: shahidi akisema, wao wanachapa. Hakukuwa na mashine ya kunasa sauti. Iliyokuwepo iliharibika miezi mitano iliyopita, na barua ya kuomba nyingine ilikuwa bado inalala kwenye meza ya Msajili huyohuyo. Kilichopotea katika faili, kwa hiyo, kilikuwa kimepotea kweli.

Na kilichopotea hakikuwa kidogo. Ulikuwa ushahidi wa fundi mitambo mstaafu katika kesi ya mlipuko wa kiwanda cha sabuni. Alikuwa ametolewa hospitali kwa gari la wagonjwa aje aseme ni nani aliyeamuru vali ya usalama ya tangi, ile inayotoa mvuke ukizidi, ifungwe kwa waya. Akasema, akarudishwa hospitali, na tangu jana usiku hakuweza kusema tena.

Meza ya tano ilikuwa imezungushiwa utepe wa gundi, na juu ya kioo cha kompyuta yake kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Mkaguzi mwenyewe: USIZIME, USIGUSE. Aliibandika jana, dakika kumi baada ya kuitwa, kabla hata hajajua anachunguza nini. Chini ya meza, betri ya akiba ilikuwa inakoroma taratibu.

Alianza na mkuu wa chumba. Wenzake walimwita Mama Kasi kwa sababu aliweza kuchapa huku anazungumza, tena mazungumzo ya maana, na asikosee hata nukta. Hata sasa vidole vyake vilikuwa vikiendelea.

"Jana saa tano hapa palikuwaje?" Mkaguzi akauliza.

"Umeme ulicheza. Ukazima, ukawaka, ukazima tena, ukawaka. Hizi betri zikalia. Nikasema, jamani, hifadhini kazi zenu. Ndiyo kawaida yangu, umeme ukicheza tu nasema."

"Wakahifadhi?"

"Wote. Hata huyo mwenzetu nilimwona. Aliinua macho ukutani, akashusha, akabonyeza."

Mkaguzi aliacha kuandika. "Aliinua macho ukutani."

"Kwenye mwongozo ule pale."

Mwongozo ulikuwa karatasi moja iliyofunikwa plastiki, imetundikwa kwa msumari juu ya swichi ya taa. Kichwa chake kilisema MWONGOZO WA VITUFE VYA MKATO, na chini yake kulikuwa na mistari kumi na miwili. Kila mstari ulikuwa na vitufe upande wa kushoto na kazi yake upande wa kulia. Programu waliyochapia ilikuwa ya zamani, haina kipanya wala picha za kubofya. Kila kitu ndani yake hufanywa kwa vitufe.

"Na wewe ukihifadhi unaangalia ukutani?"

Mama Kasi akacheka hadi mabega yakatikisika. "Mimi? Ule upo kwa ajili ya wageni, mama. Wakaguzi kama wewe mkija mwone tuna mwongozo. Mimi sijui hata umeandikwa nini."

"Basi unahifadhi kwa kitufe gani?"

Mama Kasi akainua kidole na kukigusa kitufe cha F2. Juu yake kulikuwa na doa jekundu, dogo, lililokwaruzika kidogo ukingoni. Mkaguzi aliinama akalitazama, kisha akazunguka meza moja baada ya nyingine, mikono nyuma. Meza ya pili, doa jekundu kwenye F2. Ya tatu vivyo hivyo, na ya nne. Alipofika ya tano alivaa miwani na kutazama muda mrefu bila kugusa kitu. F2 ya pale ilikuwa safi kama ilivyotoka dukani.

"Hii rangi ni nini?"

"Ya kucha. Yangu hiyo." Mama Kasi alisema bila kuona cha ajabu. "Mchapaji mgeni akija, siku atakayonijia akaniuliza, dada, hapa tunahifadhije, namwonyesha na kumwekea alama. Ndiyo karibu yetu hapa. Kuanzia hapo ni mwenzetu."

"Meza ya tano haina."

"Hakuniuliza."

"Ana muda gani hapa?"

"Wiki tatu." Kwa mara ya kwanza Mama Kasi alipunguza mwendo wa vidole. "Usinielewe vibaya, mama. Huyu si msichana wa kuanza kazi. Kule alikotoka alikuwa mkuu wa wachapaji. Sisi tunamwita Profesa. Sasa mtu kama huyo nitamfuata mezani nimwambie njoo nikufundishe kuhifadhi? Angeona namdharau. Nikasema ngoja, akikwama atakuja."

Mkaguzi aliandika maneno mawili katika daftari: Hakuuliza. Hakuambiwa. Akavuka kwenda chumba cha majalada.

Profesa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao katikati ya rafu, mkoba magotini, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri sana. Alionekana kama mtu aliyekwisha jiandaa kwa safari asiyoitaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usisimame, kaa tu." Mkaguzi akavuta ngazi ndogo ya kupandia rafu na kuikalia. "Nianze na lile linalosemwa barazani, tuliondoe. Una shemeji anayeendesha lori la kile kiwanda."

"Ninaye."

"Na watu wanasema alikutuma."

"Huyo hawezi kunituma hata chumvi." Sauti yake ilikuwa ya chini, na imetulia. "Hatujasalimiana tangu harusi ya binti yangu. Alikaa kwenye meza ya wakwe, akala kabla hawajanawa. Muulize mtu yeyote wa kwetu."

Mkaguzi aliandika: Shemeji, baadaye. Hakuandika kwamba anamwamini, wala kwamba hamwamini. Sababu ya kutenda ni kitu kizuri kuwa nacho, lakini kwanza lazima ijulikane kilichotendeka. Mpaka wakati ule hakuna mtu katika jengo lile aliyekuwa amejua kilichotendeka. Walijua tu matokeo.

"Sasa nieleze jana. Usinieleze ulivyowaza. Nieleze vidole."

Profesa akaweka mikono juu ya mkoba kana kwamba mkoba ni kibodi. "Asubuhi nililifungua faili la juzi. Lilikuwa na kurasa ishirini na tano. Nikaendelea kuchapa kutoka hapo. Saa tano na kitu umeme ukacheza. Nikasikia, hifadhini. Nikaangalia mwongozo, mstari wa tano. Kontro na R, kuhifadhi kazi. Nikabonyeza. Ikaniuliza, una hakika? N kwa ndiyo, H kwa hapana. Nikabonyeza N."

"Halafu?"

"Ikaruka ikaenda ukurasa wa kwanza. Nikajua ndivyo programu ya hapa ilivyo. Nikashuka mwisho wa faili, nikaendelea kumfuata shahidi. Alikuwa amebakiza kama nusu ukurasa. Nikaichapa, nikaitoa kwenye printa. Hapo ndipo nikaona namba. Chini ya karatasi imeandikwa ishirini na sita, wakati ilitakiwa iwe arobaini na mbili."

"Hukuona faili limepungua uliposhuka mwisho?"

"Mama, shahidi alikuwa anaongea. Ukisimama usome, anakupita."

"Wiki tatu zote ulikuwa unahifadhije?"

"Nikimaliza kazi nafunga faili. Lenyewe linauliza kama lihifadhi kabla ya kufunga, najibu ndiyo. Katikati ya kazi sikuwahi. Jana ilikuwa mara ya kwanza."

Mkaguzi alimaliza kuandika, akaweka nukta. "Na kwa nini hukumuuliza Mama Kasi? Yuko hatua nne kutoka kwako."

Profesa alishusha macho kwenye mkoba.

"Nimefundisha wachapaji kumi na wanane kwa mikono hii," Profesa akasema. "Sasa niende nikaulize, dada, hapa tunahifadhije? Niliona aibu. Mwongozo si upo, nikasema nitausoma. Nimeusoma mpaka nimeukariri." Akafuta jicho kwa mgongo wa kiganja, haraka, kama anayeondoa vumbi. "Miaka ishirini na moja sijapoteza mstari wa mtu. Barua ile ikitoka, hakuna mahakama itakayonipokea, na kila nitakapopita watasema nimeuza maneno ya mgonjwa."

"Barua haijatoka," Mkaguzi akasema, na akainuka. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

Alirudi kwa wachapaji akiwa ameshika karatasi aliyopewa na Msajili asubuhi, ushahidi mkubwa kuliko wote. Kompyuta zile huweka kumbukumbu ya kila amri wanayopewa, na karani wa usajili alikuwa ameitoa ile ya meza ya tano. Mstari mmoja ulikuwa umepigiwa mstari mwekundu mara mbili: saa tano na dakika kumi na mbili, AMRI 18, IMETHIBITISHWA. Msajili aliona neno la mwisho likamtosha. Mkaguzi alikuwa ameanza kusumbuliwa na namba iliyo kabla yake.

"Mama Kasi, nipishe hapo kwako dakika chache. Fungua faili jipya, tupu, la mchezo."

Mama Kasi akampisha. Mkaguzi alikaa na kuchapa kwa vidole viwili, polepole, sentensi tatu kuhusu feni na uvivu wake. Akabonyeza F2. Kisha akaomba kumbukumbu ya mashine ile, ikasomeka: AMRI 3.

"Kwa hiyo kuhifadhi ni amri ya tatu," akasema. "Ile ya jana ni ya kumi na nane. Sasa tuone."

Akaongeza sentensi nyingine tatu, kuhusu dirisha. Akainua macho ukutani, mstari wa tano, akashusha, akabonyeza Kontro na R. Kioo kikauliza: *Una hakika? N/H*. Hakikusema hakika ya nini. Akabonyeza N.

Sentensi za dirisha zikatoweka. Zile za feni zikabaki, na mshale ukaruka juu kabisa. Kumbukumbu ikaandika: AMRI 18, IMETHIBITISHWA.

Vidole vya wachapaji wote vilikuwa vimesimama. Mama Kasi aliinama juu ya bega la Mkaguzi, uso wake umeiva. "Kumbe mwongozo unadanganya."

"Karatasi haiwezi kudanganya. Kuna mtu aliandika kile alichokiona kwa macho yake. Swali ni alikiona wapi." Mkaguzi akaung'oa mwongozo msumarini na kuuweka kando ya kibodi. "Nisomee mmoja mmoja. Kuanzia wa kwanza."

Walikwenda nao wote kumi na miwili. Mkaguzi alibonyeza, Mama Kasi akasoma, na mchapaji wa meza ya pili akaandika sawa au si sawa. Vitufe vya mishale vilikuwa sawa. Vitufe vya kupandisha na kushusha ukurasa vilikuwa sawa. Kontro na T, ambayo mwongozo ulisema ni ya kutafuta neno, ikageuza herufi zote kuwa kubwa, faili zima likawa linapiga kelele. Kontro na D, iliyoandikwa kuwa ni ya kunakili, ikala aya nzima. Mama Kasi alisema alhamdulillahi hakuwahi kusoma kile kitu, na hakuna aliyembishia.

Mkaguzi akahesabu. Saba sawa, tano si sawa. Na zote tano zilikuwa na kitufe cha Kontro ndani yake; kati ya zile saba hakukuwa na hata moja.

Hilo lilimpendeza. Mtu mzembe hukosea ovyo, huku na kule. Makosa haya yalikuwa na mpangilio, na makosa yenye mpangilio yana nyumba yalikotoka. Mahali fulani kulikuwa na mashine ambayo ndani yake mistari yote kumi na miwili ilikuwa kweli tupu.

Chini ya karatasi, kwa herufi ndogo, kulikuwa na cheo cha aliyeuandaa: Fundi wa Kompyuta. Alikuwa ameacha kazi mwaka jana, lakini Mama Kasi alikuwa na namba yake, kwani Mama Kasi alikuwa na namba za watu wote. Simu ikaita mara tatu.

"Mwongozo wa vitufe wa chumba cha wachapaji ni wako?" Mkaguzi akauliza baada ya salamu.

"Wangu. Una tatizo gani?" Sauti ilikuwa ya kijana anayejiamini.

"Mstari wa tano."

"Kontro na R, kuhifadhi. Uko sahihi huo, mama. Naitumia kila siku. Hata sasa hivi, subiri." Kikasikika kitufe. "Nimehifadhi. Haina shida."

"Hiyo iliyo mbele yako ni mashine gani?"

"Yangu."

"Vitufe vyake ulivipanga mwenyewe?"

"Kila fundi anapanga vyake. Mpangilio wa kiwandani unachosha vidole, Kontro zote zimekaa mbali. Mimi siku ya kwanza tu nilivibadilisha."

"Na mwongozo uliuandika ukiwa umekaa kwenye mashine ipi?"

Upande wa pili pakawa kimya. Mkaguzi hakukijaza kimya kile; aliwahi kuona wezi wa magari wakikijaza wenyewe.

"Hii hii," Fundi akasema mwishowe.

"Ulizijaribu za hapa?"

"Miaka miwili hakuna aliyelalamika, mama."

"Hakuna aliyeusoma. Aliyeusoma ni mmoja, na saa kumi anafukuzwa kazi kwa ajili yake."

Sauti ya Fundi ilikuwa imepungua nusu. "Kwa mpangilio wa kiwandani Kontro na R inarudisha faili lilivyokuwa mara ya mwisho lilipohifadhiwa. Kila ulichoongeza baada ya hapo kinaondoka. Amepoteza kiasi gani?"

"Kurasa kumi na sita."

"Walifunga lile faili?"

"Halijafungwa. Mashine haijazimwa wala kuguswa tangu jana."

"Nani alizuia isizimwe?"

"Mimi."

"Basi, mama, bonyeza F8. Haimo kwenye mwongozo kwa sababu mimi siitumii. Inatendua. Kila ukibonyeza, inarudi nyuma hatua moja. Ule mrudisho nao ni hatua kama nyingine. Ila atapoteza alichochapa baada yake."

"Nusu ukurasa, na tunayo kwenye karatasi," Mkaguzi akasema. "Nashukuru. Usiende mbali na simu, nitahitaji maelezo yako kwa maandishi."

Alimwita Profesa kutoka chumba cha majalada, lakini akamsimamisha hatua tatu kutoka kwenye meza. "Hapa hushiki kitu. Wewe utatazama tu, ili kesho asitokee mtu aseme umepachika maneno." Akakata utepe kwa kisu cha karatasi, akamkalisha Mama Kasi kwenye kiti, na kumwambia mchapaji wa meza ya pili aandike kila kitakachotokea na saa yake.

Mama Kasi akabonyeza F8. Mstari wa mwisho wa ile nusu ukurasa ukaondoka. Akabonyeza tena, ukaondoka mwingine. Mistari iliendelea kuondoka mmoja mmoja, na kadiri ilivyoondoka ndivyo Profesa alivyozidi kuubana mkoba kifuani. Nusu ukurasa ikaisha. Chini ya kioo namba ilisomeka ishirini na tano.

"Mara moja tena," Mkaguzi akasema.

Kioo kikatetemeka kidogo, kikajaa maneno. Namba ya chini ikasomeka arobaini na moja. Katikati ya kioo kulikuwa na sauti ya yule mzee: *Niliona waya kwa macho yangu, na aliyeniambia niufunge alikuwa amesimama karibu nami kama ulivyosimama wewe, wakili.*

"Ndiyo hizo," Profesa akasema. Halafu akalia, wazi kabisa, hakujaribu kuficha, na Mama Kasi akaacha kiti akamshika mabega. Mkaguzi alifurahi sana, na kwa kuwa hakuwa hodari wa kufurahi mbele za watu, aliagiza kurasa zichapwe kwanza kwenye karatasi, ndipo faili lihifadhiwe. Kwa F2.

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano alikuwa amesimama mbele ya Msajili, kurasa zikiwa bado na joto la printa mkononi.

Msajili alikuwa mtu nadhifu, wa maneno machache na meza safi. Alizipokea kurasa, akazisoma mbili, akashusha pumzi. "Hii ni habari njema kwa kesi. Nakushukuru, mama. Lakini ya mchapaji haibadiliki."

"Mheshimiwa, nina maelezo ya Fundi ..."

"Mambo ya kifundi usinipe, sitayaelewa. Nijibu moja tu. Alibonyeza au hakubonyeza?"

"Alibonyeza. Alifuata mwongozo."

"Hapo ndipo ninapomkatalia." Msajili akagusa kioo cha meza yake kwa kidole. Chini ya kioo kulikuwa na nakala ya mwongozo uleule, yenye saini yake kona ya kulia. "Mimi ndiye niliyeupitisha. Mwongozo unasema hifadhi. Yeye kazi yake imefutika. Angeufuata, isingefutika. Na mashine ikamuuliza kama ana hakika, akajibu ndiyo. Mtu mzima akijibu hivyo ana hakika. Kurasa kurudi ni bahati, mama, si utetezi."

Hoja ilikuwa imenyooka, na Mkaguzi aliiheshimu. Tatizo lake lilikuwa kwenye jiwe la kwanza la msingi tu. Alivua miwani, akaanza kuifuta.

"Mheshimiwa umewahi kuutumia?"

"Katibu muhtasi ndiye anayenichapia."

"Hata hii barua?"

"Hii ni ya siri. Nimeichapa mwenyewe tangu saa tatu asubuhi." Akageuza kidogo kioo cha kompyuta yake, kwa fahari ya mtu asiyezoea kuchapa. Ilikuwa barua ya aya nne, ndefu, imejaa maneno kama *hujuma* na *kwa makusudi*.

"Umeihifadhi?"

"Bado. Nilifungua karatasi ya kichwa cha ofisi nikaandika humohumo. Nitaihifadhi nikishaisaini."

"Basi sitaongeza neno," Mkaguzi akasema, akavaa miwani. "Hifadhi barua yako sasa, mbele yangu, kwa kufuata mwongozo ulioupitisha. Usinisikilize mimi. Fuata karatasi."

Msajili alimtazama kama anayetafuta mtego, na kwa kuwa mtego wenyewe ulikuwa na saini yake, hakuuona. Akainama juu ya kioo cha meza, akatembeza kidole mpaka mstari wa tano. "Kontro," akasema, "na R." Akabonyeza vyote viwili kwa uangalifu.

*Una hakika? N/H*

"Si unaona? Inauliza vizuri tu," akasema, na akabonyeza N.

Aya zote nne zikaondoka. Kikabaki kichwa cha ofisi na nembo yake, na chini ya hapo karatasi nyeupe mpaka mwisho. Msajili alitazama kibodi, akatazama mwongozo, akatazama tena kioo. Akasogeza kidole kwenye mstari wa tano kwa mara ya pili, akidhani labda alisoma wa nne. Alikuwa amesoma wa tano.

Mkaguzi alingoja. Nje ya mlango katibu muhtasi alikuwa akichapa, na saa ya ukutani ilibakiza dakika nne.

"Inarudi?" Msajili akauliza hatimaye.

"Inarudi, mheshimiwa. Kitufe kimoja tu, na aya zako zote nne zitakuwa hapo. Nikurudishie?"

Mkono wa Mkaguzi ulikuwa umeshafika juu ya F8. Msajili aliutazama ule mkono, kisha ile nafasi nyeupe mahali palipokuwa na neno *makusudi*, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa katika chumba cha pili.

"Iache hukohuko," akasema.

Akavuta simu ya mezani. Katibu muhtasi alipoitika, Msajili alikohoa kwanza. "Mwambie mchapaji wa meza ya tano aingie," akasema. "Hapana, hakuna barua. Mimi ndiye mwenye la kumwambia."